Manesi tunaotaka kufanya kazi nje: tunakwama kwenye makaratasi kabla ya mitihani (uzi wa uzoefu, karibuni wenye maswali)

Nesi wa Mikoani (mleta uzi)

Wadau, habari za wakati huu. Kila wiki napata ujumbe kutoka kwa manesi wenzangu wa nyumbani, wengi hatujawahi hata kuonana, na swali ni lilelile: "Dada, ulifikaje huko?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimeona si sawa, kwa sababu ninachomwambia mmoja mwenzake hakisikii. Naandika yote hapa. Ni ndefu, mniwie radhi.

Nilisoma diploma ya uuguzi kwenye chuo kimoja cha mikoani, nikafanya kazi miaka sita hospitali ya wilaya, kwanza wodi ya wazazi, halafu wodi ya wanaume. Safari nilianza kuishughulikia Januari 2020. Nimetua Uingereza Septemba 2023. Ukijumlisha mitihani yote, kujisomea na kurudia, haifiki mwaka na nusu. Muda uliobaki wote ulikwenda kwenye makaratasi.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nesi wa Tanzania akikwama, watu husema ujuzi wake ni mdogo. Huku nafanya kazi na manesi wa Ufilipino, wa India, wa Nigeria na wenyeji wenyewe. Kuweka kanula, kukaa na mama mwenye uchungu, kumtazama mgonjwa ukajua hali inabadilika kabla mashine haijalia, hatujaachwa na mtu. Ila mwenzetu wa Kerala au Manila anatoka chuoni tayari anajua karatasi gani itadaiwa na nani. Sisi hatukufundishwa.

Naanza na majina. Cheti changu cha kidato cha nne kina majina mawili. Cheti cha kuzaliwa kina matatu. Leseni ilifuata cheti cha chuo, na kwenye pasipoti jina la babu liliandikwa "Saidi" wakati kwingine kote ni "Said". Herufi moja. Nilidhani ni jambo dogo mpaka maombi yangu yaliposimamishwa nikatakiwa kuthibitisha kwamba watu hawa wote ni mtu mmoja. Nilizunguka kwa wakili, kwa Msajili wa Hati, nikarudi Uhamiaji kuomba pasipoti upya. Miezi mitano. Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, leo hii tandaza vyeti vyako vyote kitandani: cha kuzaliwa, NIDA, kidato cha nne, cha chuo, leseni, pasipoti, cha ndoa kama umeolewa na umechukua jina la mume. Soma herufi kwa herufi. Ukikuta tofauti, anza na hiyo kabla hujalipia mtihani wowote.

Baada ya majina ni transkripti. Hapa ndipo nilipolia.

Wanaokagua elimu yako nje hawatosheki na alama. Marekani, kwa mfano, wale wakaguzi wanaojulikana kwa miaka mingi kama CGFNS wanataka saa: saa ngapi za darasani na saa ngapi za wodini, somo kwa somo, magonjwa ya watu wazima, watoto, uzazi, afya ya akili. Transkripti yangu ilikuwa na alama tu. Nikarudi chuoni. Ofisi ya masijala ina dirisha moja na kabati la chuma ambalo mlango wake umefungwa kwa kamba. Mama aliyekuwa pale hakuwa na ubaya wowote, alinihurumia kweli, lakini aliniambia: "Mwanangu, mtaala wenu ulishabadilishwa, na mwalimu aliyekuwa anaujua amehamishwa." Tulitoa mafaili yenye vumbi, tukakuta ratiba za mwaka wetu wa pili, za mwaka wa tatu hazipo. Kilichoniokoa ni kile kitabu chetu cha vitendo, kile ambacho sista wa wodi alikuwa anatusainia kila tukimaliza kazi. Nilikuwa nimekitunza. Kwa kitabu hicho na mtaala wa zamani tuliouomba kwa mwalimu mmoja mstaafu, wakajaza fomu ya saa, wakaifunga kwenye bahasha na kupiga muhuri juu ya mdomo wa bahasha. Wewe mwenyewe huruhusiwi kuituma. Lazima itoke chuoni, na gharama ya kuituma unalipa wewe, na unabaki kuomba Mungu asiwepo mtu wa kuisahau mezani.

Kama uko chuoni sasa hivi, kitunze kitabu chako cha vitendo kama unavyotunza cheti. Na siku ya kuchukua transkripti usiondoke bila kuuliza nani anahifadhi mtaala wenu.

Barua ya uzoefu nayo ina yake. Kuna wenzetu wameacha kazi serikalini kimyakimya, wakaandikwa watoro kazini, halafu miaka miwili baadaye wanahitaji mwajiri huyohuyo athibitishe kwamba walikuwa watumishi wazuri. Atathibitishaje? Omba kibali, omba likizo bila malipo, au andika barua ya kuacha kazi na upewe nakala iliyogongwa muhuri. Hata kama nyumbani wanakuambia harakisha.

Kiingereza. Kusoma uuguzi kwa Kiingereza Tanzania au Kenya, peke yake, kwa kawaida hakukuondolei mtihani wa lugha. Baraza la uuguzi la Uingereza, NMC, linataka IELTS ya kitaaluma alama 7 kwenye kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 kwenye kuandika. Nilifanya mara mbili, kuandika kukaniangusha zote mbili. Mada zilikuwa za mambo ya jamii ambayo sijawahi kuyajadili hata kwa Kiswahili. Nikahamia OET, mtihani wa lugha wa watu wa afya. Kule unaandika barua ya rufaa au ya kumruhusu mgonjwa, na unazungumza na mtu anayeigiza mgonjwa. Nilipanda basi hadi Nairobi kuufanya. Ada wakati ule ilikuwa dola 587 za Australia, na nilikopa kwenye kikoba chetu cha wodi. Kwenye kuzungumza nilipewa mama anayeogopa kumchanja mtoto wake. Mama huyo nimemhudumia miaka sita! Nikasahau kama ni mtihani. Nikapata B, na kuandika C+, ambayo kwa NMC inatosha.

Sisemi OET ni rahisi. Nasema nesi anayeandika ripoti ya zamu kila siku ana pa kuanzia.

Halafu mtihani wa kompyuta, CBT, una hesabu za dozi na maswali ya uuguzi. Hesabu za dripu tunaziweza. Maswali ya sheria zao na maadili yao ndiyo ya kusoma sana: ridhaa ya mgonjwa, kumlinda mtu mzima asiyeweza kujitetea, siri za mgonjwa hata kwa mume wake.

Gharama za NMC peke yake nilipopita mimi: maombi pauni 140, CBT 83, mtihani wa vitendo OSCE 794, kuingizwa kwenye daftari 153. Pauni 1,170, bila lugha, bila viza, bila nauli. Hospitali nyingi zikikuajiri hulipa OSCE na tiketi, lakini mpaka ufike hapo umeshatoa mfukoni.

Na jueni kwamba karatasi hizi zinaisha muda, tena kila moja kwa wakati wake. Matokeo ya lugha miaka miwili. Cheti cha kifua kikuu kwa ajili ya viza, tunachopimiwa Dar kwenye kituo cha IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, miezi sita. Cheti cha udhamini cha mwajiri kina miezi mitatu ya kukitumia. Nina rafiki yangu, nesi hodari kuliko mimi, alifaulu lugha kwanza akiwa na furaha, halafu transkripti ikamchukua zaidi ya miaka miwili. Karatasi ilipofika, matokeo ya lugha yalikuwa yamekufa. Hakuwa na pesa ya kurudia. Yuko nyumbani mpaka leo. Ndiyo maana nasisitiza: majina na transkripti kwanza, lugha baadaye.

Mwisho kwa leo, mawakala. Shirika la Afya Duniani lina orodha ya nchi zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, na Tanzania imo. Uingereza inaifuata: mashirika na hospitali zao haziruhusiwi kuja kutafuta manesi kwenye nchi za orodha hiyo. Wewe binafsi unaruhusiwa kuomba kazi moja kwa moja kwenye tovuti ya ajira ya NHS, yaani huduma ya afya ya serikali yao, hakuna anayekuzuia. Kwa hiyo mtu akikaa hotelini Dar akakuambia ametumwa na NHS kukusanya manesi, toa milioni tatu, tayari umejua. Na kanuni zao haziruhusu muuguzi atozwe ada ya kutafutiwa kazi.

Nitarudi kueleza OSCE. Naingia zamu.

Mwanatabora

Dada umenigusa. Mimi nina cheti, sina diploma, niko zahanati mwaka wa nne. Kuna mtu ananiambia nitafute kazi ya kulea wazee Uingereza, eti viza inatoka kwa miezi miwili, anataka milioni nne na nusu. Nimeshauza shamba la mpunga nusu. Nisaidie mawazo.

Nesi wa Mikoani (mleta uzi)

Mdogo wangu, usitoe hata senti. Tangu tarehe 22 Julai 2025 Uingereza imefunga kuajiri walezi wa wazee wapya kutoka nje ya nchi. Njia hiyo haipo. Huyo anauza kitu ambacho hakuna.

Kwa cheti, milango mingi itakukataa hata ukifika mlangoni, wanataka muuguzi aliyesajiliwa wa ngazi ya diploma kwenda juu. Pesa ya shamba iweke kwenye kujiendeleza. Najua miaka inaonekana mingi. Lakini diploma itakufaa hata usiposafiri kamwe.

Sista wa Maskati

Assalam aleikum ndugu zangu. Nipo Oman mwaka wa tano, nimetoka Unguja. Naongezea ya Ghuba.

Huku hakuna IELTS kwa wengi wetu, lakini kuna DataFlow. Hii ni kampuni inayohakiki vyeti vyako kulekule vilikotoka: chuo, baraza, hospitali uliyofanya kazi. Wanaandika barua pepe hospitalini kwako na wanasubiri majibu. Sasa hospitali zetu nyingi barua pepe hiyo anaifungua nani? Nenda mwenyewe kwa katibu wa afya, mwambie jina la kampuni, mwambie barua itakuja, muache na namba yako. Wengi hati zao zinarudi zimeandikwa "haikuthibitishwa" kwa sababu tu hakuna aliyejibu, siyo kwa sababu ni feki.

Halafu Prometric, mtihani wa kompyuta. Na wanaangalia muda uliokaa bila kazi. Ukiwa umekaa miaka miwili nyumbani unasubiri ajira, utaulizwa. Waliojitolea hospitalini kwa posho ya nauli wajitahidi kupata mkataba wa maandishi, hata wa mwezi mmoja mmoja, wenye tarehe. Barua ya "alikuwa anatusaidia" haiwasaidii.

La kuogopwa huku ni hili: kuna mabinti wameahidiwa kazi ya uuguzi, wamefika wameingizwa nyumba ya mtu. Usipande ndege kabla hujamtafuta anayejua Kiarabu akakusomea viza. Pana sehemu ya kazi. Ikiwa imeandikwa mfanyakazi wa nyumbani, basi wewe ni mfanyakazi wa nyumbani, hata kama umebeba leseni tatu na stethoskopu. Nilimpokea mmoja hapa, amesoma diploma, alikuwa anafua mazulia. Alichukua miezi saba kutoka.

Lakini pia nisiwatishe. Mshahara wangu haukatwi kodi, nimejenga kwetu Fuoni vyumba vinne. Na wapo wazee wa Kiomani waliozaliwa Unguja na Pemba, wakisikia unazungumza Kiswahili cha kwao wanakushika mkono hawauachi. Kuna bibi mmoja alikuwa hataki dawa kwa mtu yeyote, mpaka nimwambie "bi mkubwa, nywa kidogo tu, kwa ajili yangu." Nafasi za hospitali za serikali lakini zinapungua, wanawapa Waomani wenyewe kwanza, na ni haki yao.

Wa Uasin Gishu

Hamjambo ndugu wa Tanzania. Kwetu Kenya tulidhani mkataba ungemaliza shida. Julai 2021 serikali yetu ilitia saini na Uingereza, manesi waende kwa utaratibu rasmi. Novemba mwaka huohuo Uingereza ikazuia mashirika kuajiri Kenya nje ya mkataba huo. Katikati hapo waziri wa afya wa wakati ule, Mutahi Kagwe, akasema hadharani kwamba kati ya watu kama 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, waliopita ni 10. Tulichekwa kila mahali. Mimi nilikuwa nimeanguka mtihani huohuo kwa nusu alama, kwenye kuandika kama wewe dada. Watu waliuliza, mnasoma kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, mnaangukaje? Hakuna aliyeuliza kama tuliwahi kufundishwa insha ya aina ile.

Na kuhusu Ujerumani, msidanganywe na ile habari ya nafasi 250,000 iliyosambaa wakati makubaliano yalipotiwa saini Berlin mbele ya Rais Ruto na Kansela wa wakati ule, Scholz, Septemba 2024. Wizara ya mambo ya ndani ya Ujerumani yenyewe ilikanusha. Hakuna idadi iliyoandikwa. Lakini matapeli bado wanaitumia kukusanya pesa za "nafasi".

Upanga B1

Mimi nasoma Kijerumani kwenye taasisi ya Goethe pale Upanga, naomba nieleze kidogo maana hapa Dar tumekuwa wengi. Ujerumani hawana shida na IELTS, wana shida na lugha yao. Kuna ngazi za lugha: B1 ya kuingilia, na ya juu yake, B2, ya kutambuliwa kuwa muuguzi kamili. Kutoka sifuri hadi B2 mimi nimejiwekea miaka miwili, nikiwa nafanya zamu. Darasa la jioni nikitoka kazini, naingia na viatu vya wodini.

Vyeti vyako vinakaguliwa na jimbo unakokwenda, na majimbo yako 16. Wanalinganisha masomo yako na ya kwao, wanakupa barua ya mapungufu. Karibu kila mtu anapewa mapungufu, usivunjike moyo ukiipata. Unachagua kufanya mtihani wa ujuzi au mafunzo ya kuzoesha, na muda huo unalipwa kama msaidizi.

Swali langu kwa waliotangulia: ni kweli nesi anaogesha wagonjwa mwenyewe? Kwetu ndugu ndio wanafanya.

Nesi wa Mikoani (mleta uzi)

Kweli kabisa, na huku Uingereza pia. Hakuna ndugu anayelala chini ya kitanda cha mgonjwa, hakuna shangazi wa kuleta uji. Kuogesha, kulisha, kugeuza, kubadilisha nepi ya mzee wa miaka tisini, ni wewe na msaidizi wako. Wiki ya kwanza nilijiuliza nilisoma kwa ajili gani. Baadaye nikaona, ukimwogesha mtu ndipo unapokiona kidonda cha mgongo kinachoanza. Nimejifunza uuguzi mwingine humo.

Lugha nayo ilinisumbua hata baada ya kufaulu. Bibi mmoja alinipigia kengele akaniambia anataka kwenda kutumia senti. Nikamletea pochi yake. Akaniangalia, nikamwangalia. Kumbe zamani vyoo vya umma huku vililipiwa senti moja, na wazee bado wanauita hivyo msala. Aliloa kitandani kwa sababu yangu. Nililia chumba cha dawa. Mtihani wa lugha hauna swali hilo.

Sasa OSCE niliyoahidi. Unaifanya ukiwa umeshafika, vituo kumi, unatazamwa. Kabla hujafaulu wewe si nesi, unavaa sare nyingine na unalipwa chini zaidi. Mimi nilianguka kituo kimoja, cha kidonda. Niligusa ukingo wa kitambaa safi kwa glavu. Jibu sahihi ni rahisi: tupa glavu, tupa kitambaa, fungua vingine. Nilijua. Lakini mkono ulisita. Miaka sita nimehesabu glavu, nimegawa pakiti moja kwa wagonjwa watatu, nimemwambia mama mjamzito akanunue zake duka la nje. Mkono wangu haukuweza kutupa glavu mbili safi kwa sekunde ile, na mtahini aliona. Nilirudia kituo hicho kwa nusu ya ada, pauni 397, nikafaulu. Tangu siku hiyo kila ninayemsaidia kujiandaa namwambia afanye mazoezi ya kutupa.

Metroni Mstaafu

Nimesoma kimya tangu juzi. Nimekaa wodini miaka thelathini na nne. Mnaelezana njia, sawa, lakini nauliza: usiku wa leo, pale ulipokuwa dada mleta uzi, nani yupo? Nimewahi kuacha nesi mmoja na wagonjwa arobaini, na wawili kati yao wa kuongezewa damu. Asubuhi nimemkuta ameketi sakafuni hawezi kusimama. Mkiondoka wenye uzoefu, wanabaki watoto waliotoka chuoni jana, hakuna wa kuwaelekeza. Sikulaumu. Nataka tu usisahau kuliandika na hilo.

Nesi wa Mikoani (mleta uzi)

Shikamoo mama.

Swali lako silikwepi, nalala nalo. Ile orodha ya Shirika la Afya Duniani iliwekwa kwa sababu ya usiku huo unaousema. Nafasi yangu ilikaa miezi kumi na moja bila mtu. Niliambiwa na wenzangu wa wodi, na mmoja wao hajanisamehe.

Lakini mama, kinachoniuma ni kwamba wakati nafasi yangu iko wazi, mtaani kwetu palepale walikuwepo manesi wenye leseni wanaojitolea kwa nauli, wanasubiri tangazo la ajira. Mmoja alikuwa anauza vocha mbele ya geti la hospitali. Wodi haina nesi, na nesi yuko getini. Kuniambia mimi nisiondoke hakumwingizi yeye ndani. Ningependa serikali zetu zikae na hizi nchi zinazotuchukua, ziwaambie: mkichukua mmoja aliyefundishwa kwa kodi yetu, lipieni chuo, lipieni walimu, lipieni ajira ya wawili. Tunakwenda mmoja mmoja kwa mlango wa nyuma, na nchi haipati kitu zaidi ya pesa tunazotuma kwa mama zetu.

Mimi binafsi nasomesha wawili wa diploma, mmoja ni yule wa vocha anayejiendeleza. Najua haitoshi.

Metroni Mstaafu

Marahaba mwanangu. Haitoshi, lakini nimekusikia. Huyo wa vocha akimaliza mwambie anitafute, kuna hospitali ya misheni huku wananisikiliza bado.

Baba Wawili

Mimi ni mume wa nesi, naomba niulize kwa niaba ya wanaume wenzangu. Mke wangu amepata barua ya kazi Uingereza. Watoto ni wa miaka minne na saba. Tunakwenda wote au anatangulia?

Nesi wa Mikoani (mleta uzi)

Shemeji, hongereni sana. Walezi wa wazee ndio walionyimwa kuja na familia tangu Machi 2024. Nesi aliyesajiliwa alikuwa bado anaruhusiwa, ila someni masharti kwenye tovuti ya serikali yao wenyewe siku mnapojaza, yanabadilika sana. Kama nafsi yangu, ningemwacha atangulie mpaka OSCE ipite. Miezi ile anasoma usiku, chumba ni kimoja cha kupanga, mshahara si wa nesi bado. Nyumba ya watu wanne ni kodi nzito. Nesi anayeanza NHS ya England kwa mwaka 2025/26 alilipwa pauni 31,049 kwa mwaka, kabla ya makato. Ukisikia hiyo ukizidisha kwa shilingi utaona mamilioni, lakini kodi ya nyumba, basi, umeme wa kupasha joto na kulea watoto wakati wote wawili mko zamu vinaila yote.

Na mkataba wake, angalia ukurasa unaosema akiacha kazi kabla ya muda atarudisha gharama. Uulizeni ni kiasi gani, kwa miaka mingapi, na kama kinapungua kila mwezi. Kuna wenzetu wamefungwa na kipengele hicho mahali wanaponyanyaswa.

Na wewe shemeji, jiandae kupika. Nasema kwa wema. Zamu moja huku ni saa kumi na mbili na nusu mfululizo.

Mwanatabora

Dada, nimerudi. Yule mtu nimemwambia sitoi, amenitukana, nimemzuia simu. Pesa nimeweka benki. Leo nilikuwa chuoni nilikosoma, nimeomba fomu ya kujiendeleza, muhula unaanza Septemba. Na nimetandaza vyeti kitandani kama ulivyosema. Kidato cha nne na leseni vinalingana. Cha kuzaliwa kimekosewa mwaka, kinasema 1996, vingine vyote 1998. Kile kitabu cha vitendo nimekikuta kwa mama kijijini, kwenye sanduku la bati, mchwa wamekula kona moja lakini sahihi na mihuri inaonekana.

Nesi wa Mikoani (mleta uzi)

Mwaka wa kuzaliwa nenda RITA, wale wa vyeti vya kuzaliwa, beba cheti cha shule ya msingi na kadi ya kliniki kama mama anayo bado. Anza wiki hii usisubiri diploma iishe.

Kitabu kipige picha kila ukurasa leo kabla hujalala, ujitumie mwenyewe kwenye barua pepe. Halafu kitoe kwenye lile sanduku.